Bega la Kushoto

Kwetu, kandokando ya Ziwa, mtu akipotea na maiti yake isionekane, huzikwa tunda. Ni tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima, zito, la rangi ya jivu, nasi huliita yago. Huviringishwa shuka jeupe, likalazwa kaburini, likaliliwa na watu wazima kwa machozi ya kweli, na baada ya hapo mtu yule amekufa. Sisemi kwamba huhesabiwa kuwa amekufa. Amekufa. Akitokea mwaka wa pili akiwa mzima, jasho likimtoka, akabisha kwa mama yake, hafunguliwi, kwa sababu mzuka haufunguliwi mlango.

Nimeanza na tunda kwa kuwa watu wakinisikia nikifundisha mbinu za utafiti hudhani niliyasoma mambo hayo vitabuni. Nimefundisha chuo cha walimu kwa miaka mingi, na kila mwaka tunafika kwenye falsafa ile isemayo kwamba maarifa hayaokotwi bali hujengwa, kwamba anayeuliza na anayejibu huufinyanga ukweli pamoja, na kila mmoja huacha alama za vidole vyake. Falsafa hiyo ina jina refu, konstraktivizimu, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani kama wanavyokariri majina ya milima ya Ulaya. Kisha wananiuliza kama litatoka kwenye karatasi ya kwanza au ya pili. Mimi hulieleza haraka na kufuta ubao. Silichukii somo lile. Naliogopa.

Kaka yangu alikuwa dresa, yaani yule mtu wa zahanati anayesafisha vidonda, anayedunga sindano na kugawa vidonge pale daktari asipofika. Alipelekwa Kakuma mwanzoni mwa miaka ya sabini, zama ambazo mtumishi wa serikali kutoka huku kwetu akipangiwa kazi Turkana, mkewe alilia kana kwamba amefiwa. Kaka alicheka. Alisema angalau huko hakuna matope. Alikuja likizo akiwa amekauka na kuwa mweusi tititi, na mkononi ana kigoda kidogo cha mti, ekicholong, ambacho wanaume wa Turkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa kama mto. Alilala sakafuni sebuleni, kichwa juu ya kigoda, huku kitanda kikimtazama. Mama alimfokea mpaka sauti ikamkauka.

Kwa yeyote atakayetaka kumjua, kaka yangu alikuwa na bega la kushoto lililopanda. Tangu utotoni alibeba kapu la samaki upande huo, kutoka ufukweni hadi sokoni, na mifupa ikazoea. Hata akiwa amevaa koti la kazi ungedhani bado amebeba kitu.

Baadaye tukaacha kusikia habari zake. Mwaka ulikuwa wa njaa kule, tulisikia redioni mara moja moja, kisha ofisi ikatujulisha kwamba dresa huyo haonekani kazini na ameacha kazi bila ruhusa. Ameacha kazi! Mtu ambaye hakuwahi kuacha hata ugali uliolala. Mama alisema aliyeyasema hayo hana mama.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba zangu wadogo, na wao walitaka kuzika tunda. Sikuwalaumu. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa bado msichana mbichi, anakaa katika nyumba ya mume wake si mke wala si mjane. Hakuna aliyeweza kumrithi, wala hakuweza kurudi kwao. Watoto wa ukoo walianza kuugua homa, na yule mkubwa wa baba zangu wadogo akaketi mbele ya mama akasema, "Shemeji, roho isiyo na kaburi inarandaranda. Itaingia nyumba moja moja."

Mama akajibu, "Mwanangu anakula mahali. Sitamzika mtu anayetafuna."

Wakasukumana hivyo kutwa nzima. Mwishowe wakakubaliana kungoja mpaka mavuno ya mtama, na mimi nitumwe. Nilikuwa nimemaliza ualimu, nangojea kupangiwa shule. Mama alinishika mikono yote miwili. "Wewe ndiwe mwenye shule," alisema. "Nenda huko Turkana uniletee neno moja. Yu hai, au amekufa. Usiniletee maneno mawili."

Nilipata bahati ya ajabu. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, mwanamke wa milimani mwenye kofia ya ukili na sauti kavu kama bisi, alikuwa akitafuta msaidizi wa kumwandikia mahojiano kwa Kiswahili. Alitaka kujua watu wa Lodwar na Kakuma waliuelewaje mwaka ule wa njaa. Nilimwambia waziwazi kwamba naenda kumtafuta kaka yangu, na akasema hilo halimsumbui. Afadhali mtu anayejua anachokitaka, alisema, kuliko wale wanaojidai hawataki kitu.

Tulitoka Kitale juu ya lori la mahindi. Gurudumu lilipasuka karibu na Kalemng'orok, tukakaa kivulini mwa lori lenyewe kwa kuwa kivuli kingine hakikuwepo, na hapo ndipo aliponipa somo langu la kwanza.

"Hatuendi kuokota ukweli kama kuni," alisema. "Kuni ziko pale hata usipokwenda. Huu tunaouendea haupo pale. Watautengeneza wakituona, na sisi tutautengeneza tukiwasikiliza. Kazi yetu ni kuangalia unavyotengenezwa, na kutojidanganya kwamba mikono yetu haimo."

"Na mtu aliyepotea, mwalimu? Naye hayupo pale mpaka twende?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata pale adabu inapotaka udanganye. "Kupotea," akasema, "ni kupotea kwa nani? Pengine kwake yeye hajapotea."

Nilitaka kumsukuma aingie chini ya lori.

Lodwar ya siku zile ilikuwa ofisi kadhaa, maduka machache, misheni, mikoma kando ya mto, na mchanga uliounguza kupitia soli. Watumishi wa serikali walituuliza habari za Kenya kana kwamba tumevuka bahari. "Kenya kuna mvua?" "Kenya sukari inapatikana?" Tuliwapa habari za Kenya na wao wakatupa chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Walipomsikia mhadhiri akieleza utafiti wake, walitazamana. Karani mmoja akamwambia kwa heshima kwamba njaa ni njaa, mama, haina kuelewa.

Mkalimani wetu tulimpata misheni. Alikuwa katekista, mtu mrefu wa makamo, mwenye kandambili za tairi na kicheko cha karibu. Siku ya kwanza nilimpa maswali yetu ayasome, akayasoma yote kwa utaratibu, kisha akanirudishia.

"Dada, hii maswali ni mzuri," akasema. "Lakini hapa watu hapana jibu swali. Watu najibu mtu."

Mhadhiri alifurahi siku nzima kwa maneno yale. Mimi niliyachukua kama mzaha, mpaka nilipoyaona. Tulimwendea bibi mmoja tukiwa na askari wa chifu, akasema kwake hakufa mtu, serikali ilileta unga, Mungu asifiwe. Mhadhiri alikuwa na desturi yake ambayo hakuiacha hata jua likitoboa kichwa: kila tulichoandika tulikirudisha kwa aliyekisema, tukamsomea, akasahihisha mbele ya watu wake. Basi tukarudi kwa bibi yule bila askari, tukamkuta na binti yake. Nilipofika pale pa "hakufa mtu", binti akamtazama mamaye, na mama akaanza kutaja watoto. Aliwataja polepole, mikono ikiwa juu ya magoti. Niliuliza kwa nini hakusema mara ya kwanza, na mkalimani akanijibu yeye mwenyewe, bila kumtafsiria. "Mara ya kwanza mlikuja na askari, dada. Watoto napatia askari ya nini?"

Nilianza kumwona kaka huko Lodwar, na sikumwona gizani. Watu huogopa usiku. Mimi tangu miaka ile naogopa saa sita mchana. Kwenye saa hiyo laga, yaani mto mkavu, huanza kuchemka, hewa inatikisika juu ya mchanga, na mtu anayetembea mbali anakatika kiunoni, miguu inaelea peke yake. Nilimwona akivuka hivyo, bega la kushoto juu. Nilikimbia nikimwita kwa jina la utotoni ambalo mtu mzima haitwi hadharani. Alikuwa muuza makaa amebeba gunia. Akanisalimu, "Ejok," akaendelea na njia yake.

Kakuma tulifika mchana pia. Sijui nilitarajia nini. Kulikuwa na zahanati ya mabati, misheni, kituo cha polisi, maduka mawili matatu, na mto Tarach uliokuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Nilishuka kwenye gari la misheni nikiwa bado napangusa vumbi usoni, na mwanamke mzee mwenye shanga za kumfikia kidevuni akanijia moja kwa moja, akanishika taya kama anayekagua mbuzi, akasema kwa sauti kubwa neno moja nililolielewa. "Dresa!"

Uso wangu ni wa kaka. Mama alituzaa kwa kinu kimoja. Wanawake wengine wakaja, wakanigusa nywele, wakacheka, mmoja akalia. Nikajua kwamba walau hapa alipendwa.

Zahanatini kulikuwa na dresa mwingine, mgeni, asiyejua lolote. Alinionyesha chumba alichokaa kaka. Kitanda cha kamba, dirisha dogo, na harufu ya iodini iliyokataa kutoka ukutani. Nilikaa juu ya kile kitanda nikamwambia kaka kwa sauti kwamba mama anataka neno moja tu. Nilijisikia mjinga, lakini nilisubiri jibu.

Majibu yalikuja kwa njia nyingine, tena mengi. Askari wa kituo alisema kwamba mtu yule alitoroka kazi, kama ofisi ilivyosema, na hakutaka kuendelea. Mwenye duka, Mkristo wa kutoka huku kwetu bara, mwenye Biblia juu ya mizani, alinifungulia soda kwanza, akanipa pole, akasema Tarach ilimchukua. Mvua ilinyesha milimani, mto ukashuka ghafla kama unavyofanya, na kaka alikuwa akivuka na sanduku la dawa. "Niliona kwa macho yangu, dada yangu," alisema. "Mungu amempumzisha." Yule mama wa shanga naye, ambaye kaka alimponyesha mwanawe, akasema upuuzi mtupu. Dresa aliondoka na familia zilizohama na mifugo kuelekea Namoruputh, upande wa mpaka wa Uganda, kwa kuwa kulikuwa na ugonjwa njiani na hawakuwa na mtu. Bado anadunga watu huko. Mtu aliyemwona alipita hapa na punda.

Nilikuwa na maneno matatu. Mama aliomba moja.

Mhadhiri alisema turudishe yote, mbele ya wote, kama tulivyorudisha habari za njaa. Nilikubali, nikidhani kwamba mtu akisikia uongo wake ukisomwa mbele ya jirani atauacha, na kitakachobaki kitakuwa ukweli. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa shuleni. Unakwangua, unakwangua, unafika mfupani.

Tulikutana kwenye mchanga wa Tarach, jua likiwa upande. Mhadhiri alikuwa amenunua mbuzi, na hakuna aliyekosa. Wanaume waliketi kwenye vigoda vyao wakiwa nusu duara, wanawake nyuma yao, mwenye duka pembeni na mwavuli wake. Nilisoma, mkalimani akatafsiri. Nilisoma la askari, ambaye hakuja, watu wakacheka. Nilisoma la mto.

Mwanamume mmoja akauliza kitu, na mkalimani akamgeukia mwenye duka. "Anauliza, wewe uliona mtu au uliona maji?"

"Niliona... maji yalikuwa mengi," mwenye duka alisema. "Na sanduku."

"Sanduku ilikuwa kwa maji?"

Mwenye duka alikunja mwavuli akaukunjua. "Ilikuwa ukingoni," alisema hatimaye, na akanitazama. "Lakini ulikuja na sura ya msiba, dada. Sikutaka uendelee kutafuta. Nilitaka ukalie upumzike."

Sikumkasirikia. Ningependa kusema nilimkasirikia.

Baadaye mbuzi akapasuliwa, na wazee wakayatandaza matumbo yake wayasome, kama ilivyo desturi yao. Nilidhani mmoja angesoma na wengine wakasikiliza. Walibishana! Huyu anaelekeza kwa kijiti, "hii ni njia," mwingine anasema si njia, ni maji, wa tatu anawasukuma aone vizuri. Ni mahakama hasa, kila mmoja ana wakili wake. Kisha ubishi ukapungua, ukawa kunong'ona, ukawa kuitikia, na mkalimani akasema wamekubaliana kuna mtu anatembea. Mhadhiri alikuwa ameinama mbele mpaka kofia ikaanguka, macho yanameta. Kwake yeye ile ilikuwa karamu.

Ndipo yule mama wa shanga akasimama na kunielekeza kidole.

"Mama anasema," mkalimani alitafsiri, "hapa Kakuma hapana kuja mtu bila kutumwa. Dresa alisema siku moja ataleta mtu ya kwao aone hii watu yake. Sasa wewe umekuja. Anauliza, kama dresa amekufa, wewe umetumwa na nani?"

Mnong'ono wa kukubali ulipita. Nilifungua mdomo niseme nimetumwa na mama, na nikaona kwamba jibu hilo halitasaidia. Kwao hiyo ilikuwa hoja kamili, yenye miguu minne. Mimi niliyekuja kutafuta ushahidi nilikuwa nimegeuka ushahidi. Nimekuja, kwa hiyo yu hai.

Wakaanza kuniuliza mimi. Alikuwa anakula kwa mkono gani? Alikuwa na alama? Anatembeaje? Niliulizwa kwa upole, kama watu wanaomkumbuka rafiki, na nikasahau daftari, nikasahau kila somo. Nilisimama. Nilitembea mbele yao juu ya mchanga, bega la kushoto nikalipandisha, kichwa nikakiinamisha kidogo kama yeye. Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, na kwa hatua zile chache nilimhisi ndani ya mwili wangu, uzito wa kapu na yote.

Yule mama akasema kitu kwa haraka, akijigonga bega la kushoto.

"Anasema ndiyo," mkalimani alisema. "Ile mtu ya punda alisema hivyo. Dresa ya Namoruputh iko na bega juu."

Wengine wakaitikia. Ndiyo, bega. Mzee mmoja akakumbuka kwamba naye aliisikia habari ya bega. Mwenye duka, hata yeye, alitikisa kichwa kukubali. Nikalia kwa furaha, sina aibu kusema, nililia mpaka mama yule akanifuta uso kwa ngozi ya vazi lake. Kaka yangu yu hai! Nilikuwa na neno langu moja.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipomtazama mkalimani. Alikuwa akichora mchangani kwa kidole cha mguu, na hakuinua macho.

Kabla sijatembea, hakuna mtu aliyekuwa amelitaja bega. Nilipoyapitia maandishi yote ya mahojiano, yale ya mama wa shanga niliyoyaandika kwa mkono wangu, bega halikuwemo. Bega lile nililitoa mimi. Au pengine lilikuwa kwenye macho ya mtu wa punda kweli, nami nikalikumbusha tu. Mambo hayo mawili yanafanana mpaka yanachefua, na tangu siku ile hakuna kisu chembamba cha kuingia kati yao.

Mhadhiri alinikuta nimekaa ukingoni. "Umeona?" alisema, bado ana moto wa mkutano. "Umeona lilivyojengwa mbele ya macho yetu?"

"Kaka yangu si nyumba," nilimwambia. "Chukua njaa yao ukaisomee. Kaka yangu ana mifupa. Mifupa yake iko mahali, ama inatembea ama imelala, hata watu wote wa dunia wakikaa kimya."

Aliketi chini na sketi yake nzuri. "Ni kweli," alisema. "Mifupa iko mahali. Mimi sina falsafa ya mifupa. Nina ya maneno tu, na wewe umetumwa neno." Kisha akanishika mkono, na mikono yake ilikuwa baridi kwa ajabu. Nilimpenda kidogo kuanzia hapo, ingawa sikumsamehe.

Niliomba twende Namoruputh. Gari la misheni lilikuwa na safari zake, na polisi wakakataa katakata: kulikuwa na uvamizi wa mifugo njia ile, hawangemruhusu mwanamke wala mwanamume. Nilituma salamu kwa kila aliyekuwa akielekea huko na punda. Hazikurudi. Mtama kwetu ulikuwa umekaribia kukomaa.

Mkalimani alinisindikiza Lodwar kupanda lori. Kabla sijapanda, akajaribu methali, kwa Kiswahili sanifu cha misheni.

"Dada, lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?"

Alitabasamu, lakini si kwa raha. "Laja."

Nilikariri neno langu kutoka Lodwar hadi nyumbani. Yu hai. Nililisema juu ya magunia, nikalisema ndani ya basi, kwa kuwa lilikuwa na tabia ya kulegea nisipolishika. Yu hai, wameafikiana, hata mwenye duka aliafiki.

Nilipofika kwenye ua wetu niliona kwanza udongo. Ulikuwa mwekundu, mbichi, umerundikwa kando ya nyumba ya kaka, upande ambao wanaume wetu huzikwa. Wifi alikuwa amenyolewa. Alinitazama kwa uso mtulivu ambao sikuwa nimeuona tangu kaka apotee, uso wa mtu aliyeruhusiwa kulala.

Mama alikuwa kivulini mwa jiko akipepeta. Mtama wa kwanza ulikuwa umeshavunwa. Hakuacha kupepeta.

"Umeleta neno?"

"Nimelileta, mama. Yu hai."

Ungo ukasimama. Mtama ukaendelea kuteleza kidogo peke yake, kisha nao ukatulia.

"Alikuja," mama alisema. "Ulipokuwa huko. Nilikuwa hapa hapa, mchana, napepeta hivi. Alisimama pale karibu na mlango, vumbi tupu. Akaniuliza, 'Mama, nilale wapi?' Mwana aliye hai, mwenye nyumba yake hapa uani, hamuulizi mama yake swali hilo. Nikawaita baba zako wadogo, nikawaambia wachimbe."

Yule aliyekataa wakati wote walipomsihi ndiye aliyetoa amri.

"Nani alimwona huko?" akauliza.

"Watu wa Kakuma. Yuko upande wa mpaka, anadunga watu sindano."

"Anatembeaje?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini ni mama, na alikuwa ameniuliza. "Bega la kushoto juu," nikasema.

Mama aliuweka ungo chini, taratibu, asimwage hata punje. Nilidhani angepiga kelele, au angekimbilia lile rundo la udongo alifukue kwa kucha. Nilijiandaa kumshika. Yeye alifunga kitambaa chake upya kichwani.

"Ndiye," akasema. "Hata hapa alisimama hivyo." Akatazama upande wa kaburi, kisha akanitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ile ya kunituma dukani. "Basi wapelekee ujumbe hao watu wako. Wamwambie asije tena. Mahali pake pamelaliwa."

Mama amekwishafariki, amelala hatua chache kutoka kwa lile tunda. Wifi aliolewa katika ukoo na akazaa. Ujumbe ule sijampa mtu yeyote apeleke. Mchana mtu akibisha hodi kwangu siinuki. Huuliza, "Nani?" nikiwa nimeketi, na kabla hajajibu husikiliza nyayo zake pale nje, kama zinaelemea upande mmoja.